Maji ya Petipwa

Mimi si mtu wa subira, na kazi niliyoichagua haitaki kitu kingine ila subira. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti kwenye stoo ya nyuma ya nyumba yetu, Butembo, nikikata miche ya petipwa kwa wembe, huku mama yangu amesimama nje ya mlango akiniuliza tena kama ni lazima niende Beni siku hiyohiyo.

"Ni leo, mama. Kesho Prof anaenda safari."

"Barabara hapana muzuri. Banasema ugonjwa ilirudia ku Mabalako."

"Banasemaka kila siku," nilimjibu, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

Petipwa ni njegere kwa Kiswahili cha vitabuni. Kwetu ni chakula cha Jumapili, zinapikwa na viazi, na kwangu mimi zilikuwa kitu kingine kabisa. Stoo ile nilikuwa nimeiziba kila upenyo, dirisha kwa udongo na gunia, chini ya mlango kwa blanketi lililosokotwa. Mmea unaooteshwa gizani hauna rangi. Unatoka mweupe kama funza, shingo imepinda, na unajivuta juu kwa haraka ukitafuta mwanga usiokuwepo. Kinachouvuta ni homoni iitwayo auksini. Lakini mche uleule unaotengeneza auksini hutengeneza pia vimeng'enya vya kuivunja. Watu wakifika hapo hunicheka: kwa nini mtu ajenge ukuta huku anaubomoa? Mimi huwajibu kwamba mche usiokuwa na cha kuuzuia ungejivuta mpaka uanguke. Kazi yangu yote ya chuo ilikuwa juu ya vimeng'enya hivyo vya kuvunja, kujua kama vipo kwenye petipwa zetu za milimani na vina nguvu kiasi gani.

Namna ya kuvijua ni rahisi kuieleza. Unaponda miche kwenye baridi, unachuja, unapata maji yenye ukungu kidogo. Unayachanganya na auksini na kusubiri. Kisha unatia dawa ya manjano, ambayo ni asidi kali iliyochanganywa na chumvi ya chuma. Kama auksini bado ipo, maji yanageuka waridi. Kama imevunjwa, yanabaki manjano. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo. Ila kila nilipojaribu nyumbani, waridi lilitoka palepale, maana yake vimeng'enya vyangu havikufanya chochote. Nilikaribia kuiacha kazi hiyo. Mwishowe niligundua kwamba bati la stoo lilikuwa na tundu la msumari, na mche ukionja mwanga hata kidogo hujaa vitu vinavyovifunga mikono vimeng'enya. Niliziba tundu kwa lami, nikapanda upya.

Nilipanda kutoka kwenye akiba yetu ya mwisho ya mbegu. Shamba letu liko kwenye baridi, upande wa Lubero, na lilikuwa halifikiki tena kwa sababu ya watu wenye silaha. Mama alikuwa na debe moja alilolitenga kwa ajili ya msimu ambao amani ingerudi, na kutoka humo alinichotea, polepole, bila kuniangalia usoni. Mashine ya kupima rangi, ile ambayo chuo kisingekubali matokeo yangu bila tarakimu zake, ilikuwa Beni, kwenye maabara ndogo ambako Prof, msimamizi wangu wa chuo, alikuwa amebembeleza tupewe siku moja. Vimeng'enya ni kama samaki mbichi, vikishatolewa kwenye mmea vinaanza kuharibika. Kama maji yale yasingefika Beni siku hiyo yakiwa ya baridi, mwaka wangu wote ulikuwa umekwenda bure, na petipwa za mama pamoja nao.

Nikayamimina kwenye vichupa, nikavipanga ndani ya glasieri, lile sanduku la plastiki la kubebea vitu vya baridi. Juu ya barafu nikaweka kichupa cha auksini, na pembeni, kimefungwa kwa kitambaa, kichupa cha dawa ya manjano. Mama aliweka mkono juu ya sanduku na kuliombea kama vile lilikuwa mgonjwa.

Aliyenibeba alikuwa jirani yetu, mtu mzima, anayesali kanisa moja na mama, anayeendesha pikipiki kama mtu aliyebeba mayai. Sanduku lilikaa katikati yetu, mimi nimelikumbatia. Tulishuka kutoka kwenye baridi ya Butembo, mikaratusi ikipungua, migomba ikiongezeka, joto likitupanda miguuni. Kila tulipopita shimo nilisikia vichupa vinagongana na nilimpiga jirani begani. Naye alinivumilia, Mungu ambariki.

Tulipofika kwenye kijiji kimoja cha biashara kando ya barabara, tulikuta gogo la mti limelazwa katikati ya njia. Vijana wa pale walikuwa wanalinda kijiji chao, jambo ambalo si geni kwetu. Kwa kawaida unasalimia, unasema unakotoka, gogo linainuliwa. Lakini siku hiyo walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa anacheka. Aliyekuja mbele alikuwa mwanaume wa makamo mwenye jezi ya mpira iliyopauka. Wenzake walimwita Chef, yaani mkubwa wao.

"Mama, shuka," aliniambia. "Ile ni nini?"

"Ni glacière."

"Tunaona ni glacière. Mu ndani muko nini?"

"Petipwa."

Kuna aliyecheka, kicheko kibaya. "Petipwa inabebwaka mu glacière tangu lini?" Chef aliuliza. "Fungula."

Ningeweza kujibu kwa upole. Badala yake nilisema, "Ukifungua barafu inayeyuka," kama ninayemfokea mwanafunzi darasani, na nikaona uso wake unafunga. Mtu mmoja alichomoa ufunguo wa pikipiki. Jirani yangu akaambiwa akae chini, akakaa, mikono juu ya kichwa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, nikafungua sanduku mwenyewe.

Lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa Beni na Butembo analijua. Wakati wa Ebola, masanduku ya namna ile yalipita kwenye barabara zetu kila siku. Yalibeba chanjo, yalibeba damu za watu, na mara nyingi mtu aliyetolewa damu asubuhi hakuonekana tena mpaka azikwe na watu waliovaa plastiki mwili mzima. Ugonjwa ulikwisha. Woga wa sanduku haukuisha. Mimi mwenyewe miaka ile nilikuwa nikiliona nahamia upande wa pili wa njia. Na sasa uvumi ulikuwa umetoka Mabalako, ambao baadaye ulijulikana kuwa uvumi mtupu, na mimi nilikuwa nimefika katikati yake nimelikumbatia sanduku lenye vichupa.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa anauza makala, yaani mkaa, kando ya gogo, alisogea, akachungulia, akapiga yowe.

"Ni bile bitube! Balikamata damu ya mutoto yangu mu tube kama ile, balimupeleka Mangina. Hakurudia! Ni bile bile!"

Nilimwelewa, na kumwelewa ndiko kulikonikasirisha, kwa sababu ukimwelewa mtu huwezi hata kumchukia kwa raha. Watu walianza kutoka madukani. Mtu alisema tuchomwe na sanduku letu, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya sabuni. Jirani yangu alianza kuomba kwa Kinande, chinichini.

"Mama," Chef alisema, "kama ni petipwa, onja."

Kwetu mtu akikukaribisha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anaanza yeye. Anamimina kidogo, anakunywa ukiwa unamwangalia, ndipo anakupa. Hakuna anayeona ni tusi. Ni adabu, tena ni adabu inayoonyesha kwamba unajua watu huwekeana sumu. Kwa hiyo Chef hakunionea. Aliniuliza swali ambalo hata mjomba wangu angeniuliza.

Nilichukua kichupa kimoja, nikakifungua, nikanywa nusu. Kilikuwa baridi, chumvi kidogo, na ladha ya petipwa mbichi inayokuja nyuma ya ulimi. Nilimeza nikawaangalia.

"Na ile kidogo."

Auksini. Ilikuwa imezimuliwa sana. Nilidondosha matone ulimini na kumeza. Hakuna ladha yoyote.

"Na ile ya manjano."

Niliona tangu mwanzo kwamba tutafika hapo. "Ile hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hapana ya kunywa. Ni acide, kama ya batterie. Itaniua."

Kelele iliyoinuka siwezi kuieleza vizuri. Jiwe lilipita, likagonga tangi la pikipiki. Nilikuwa nimewaambia kwa kinywa changu kwamba nimebeba kitu kinachoua. Nilichana kipande cha kitambaa changu cha kichwa, nikadondosha tone la manjano, nikakigusa kwa kijiti. Uzi ukalegea, kikatoboka. "Munaona? Sidanganye. Kama ningetaka kuwaua, ningewaambia ni juisi."

Chef alikiangalia kitambaa muda mrefu. Alinyoosha mkono nyuma na mawe yakakoma, nikajua kwamba kati yangu na moto alikuwa amesimama mtu huyo mmoja tu.

"Donc unabeba acide juu ya nini, ya kazi gani?"

"Juu ya kuona kitu moja yenye haionekane."

"Onyesha."

Nilichukua kichupa kitupu, nikatia auksini, nikatia dawa ya manjano, na hapo, kabla tone la mwisho halijadondoka, nilitambua ninachofanya. Nilikuwa nimekazana kutafuta ushahidi, sikufikiria rangi. Maji yakaanza kugeuka. Waridi kwanza, kisha likakolea, likawa jekundu la kuiva.

"Damu!" yule mama wa makala alilia. "Njo damu yenyewe!"

Walinikaribia kwa pamoja. Nilishikwa bega, sijui na nani, na sanduku likasukumwa kwa mguu likaburuzika vumbini. Jirani yangu alisimama, akapigwa kofi, akakaa tena. Nilipiga ukelele, na nilichokisema si kitu ambacho mtu mwenye akili zake angekisema.

"Kama ni damu, petipwa haiwezi kuikula!"

Sijui kwa nini walisimama. Labda kwa sababu lilikuwa neno la kipumbavu.

"Rudilia," Chef alisema.

"Ile kitu inageuka nyekundu ni dawa ya kukomalisha mimea. Petipwa iko nayo mu mwili yake. Na petipwa iko na kitu ingine, ya kuikula ile dawa, juu isikomale mingi. Nitachanganya byote bibili. Tutangojea. Halafu nitatia acide. Kama ni damu, itakuwa nyekundu. Kama ni mambo ya petipwa, haitakuwa nyekundu."

"Na kama ikakuwa nyekundu?"

Mara zote nyumbani ilikuwa nyekundu. Yeye hakujua hilo, jirani yangu hakulijua, ni mimi peke yangu niliyesimama pale nikijua kwamba nimeweka roho za watu wawili juu ya kitu ambacho sijawahi kukiona kikifanya kazi. Tofauti pekee ilikuwa tundu la msumari.

Nilichanganya auksini na maji ya petipwa kwenye kichupa kipya. Nikakiweka chini, karibu na kile chekundu, na nikavuta kifuniko cha sanduku nivifunike. Mkono wa mtu ulinizuia.

"Hapana kufunika. Tunataka kuona."

Sasa nilikuwa kwenye shida ya pili. Jua lilikuwa limesimama wima, na jua huivunja auksini lenyewe, huifuta hata ile rangi nyekundu. Ningeviacha vichupa vile wazi, vyote viwili vingepauka, na wangesema nimewachezea mazingaombwe. Na hata wasingesema, mimi ningejua kwamba si petipwa zilizofanya kazi. Ni ujinga kufikiria hivyo wakati watu wameshika mawe, lakini ndivyo nilivyofikiria, na sijutii. Nilihitaji giza, nao hawakutaka kifuniko wala kitambaa.

Nikapiga moyo konde. "Basi simameni hapa," niliwaambia. "Karibu. Karibu zaidi. Jua isifike ku tube. Bote, ingieni."

Walitazamana. Dakika chache kabla ya hapo, nilichokuwa naogopa kuliko vyote ni wao kunisogelea, na sasa nilikuwa nawapungia mkono waje. Chef alikuja kwanza, akapiga magoti. Wengine wakainama juu yake. Mtu alifungua koti lake akalinyoosha, lakini akaambiwa alishushe ili wa nyuma waone. Yule mama wa makala alipenya katikati ya miguu akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso, macho mekundu. Wakawa ukuta, kisha wakawa paa. Nilisikia harufu ya jasho, ya moshi wa kuni, ya mafuta ya pikipiki, na pumzi zao juu ya shingo yangu. Kwenye vumbi, vichupa vyangu vilikuwa ndani ya kivuli kizito.

Tulingoja muda wa kuchemsha maji na kusonga ugali. Nilikuwa sijawahi kungoja vile, na sitaki kungoja vile tena. Hakuna kinachoonekana, hilo ndilo tatizo. Kimeng'enya kikifanya kazi au kisipofanya, maji ni yaleyale. Mtoto alilia nyuma akanyamazishwa. Mtu aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa inakula?" na mwingine akamjibu, "Nyamaza, utaishitusha." Katika hofu yote hiyo karibu nicheke.

Mama wa makala aliniuliza, na sasa alisema taratibu, "Unajua wapi balipeleka ile damu ya mutoto yangu?"

"Sijue, mama."

"Hakuna mwenye anajua," akasema.

Nilimwambia pole, naye akaipokea kwa kichwa. Nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nimemkasirikia.

Chef alisema imetosha. Niliona afadhali kungoja zaidi, lakini si mimi niliyekuwa nikiamua. Nilichukua kichupa cha dawa ya manjano kwa mikono miwili, nikadondosha. Tone moja, jingine, jingine. Kivuli kilikaza, watu wakizidi kuinama. Maji yakawa manjano. Nikangoja waridi. Nilikuwa nimelizoea lile waridi, najua linavyoanzia chini ya kichupa na kupanda kama moshi. Nililingoja lipande. Halikupanda.

"Iko manjano," mtu alisema.

"Ngojea," Chef alisema, na nilimshukuru kimoyomoyo, kwa sababu nami nilitaka kuona. Tuliendelea kungoja. Kichupa cha kwanza kilikuwa bado chekundu, cha pili manjano, vimelala pamoja kwenye vumbi moja na chini ya kivuli kimoja. Petipwa za mama zilikuwa zimeila auksini yote.

Nililia. Nasema wazi kwamba sikulia kwa sababu ya kupona. Nililia kwa sababu imefanya kazi, na ndipo baadaye kidogo nikakumbuka kwamba pia nimepona.

Ukuta wa watu ulifunguka na jua likatuangukia. Jirani yangu aliinuliwa, akapanguswa vumbi, mtu aliyempiga kofi akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili. Watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, kila mmoja anamweleza mwenzake alichokiona. Nilikuwa nimeanza kupanga vichupa vyangu kwenye barafu iliyobaki. Bado vilikuwa baridi, Beni haikuwa mbali, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na maji yenye vimeng'enya hai. Nilihesabu ndani ya kichwa: tukiondoka sasa hivi, tunafika.

Chef akachuchumaa mbele ya sanduku.

"Mama, ulionja," akasema.

"Nilionja."

"Donc na siye tunapashwa kunywa."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Ukimwambia mtu aonje, naye akaonja, lazima na wewe unywe. Ukikataa, maana yake bado unamwona mchawi, na yeye akikunyima, maana yake kweli alikuwa na kitu. Hakuwa akinidai chochote. Alikuwa ananiomba radhi mbele ya kijiji chake, kwa namna pekee inayojulikana kwetu, na alikuwa ameshakusanya mikono yake kama kikombe.

Niliangalia vichupa. Niliwaza kusema ni vya mashine, ni vya shule, ni vya mwaka mzima. Maneno yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililofaa. Nilimwangalia jirani yangu, shavu lake limevimba.

"Mimina tu, mama," alisema kwa upole. "Mimina, twende."

Nikamimina. Wa kwanza alikuwa mama wa makala, kwenye kifuniko cha chupa. Alikunywa, akatulia, akapanguza mdomo. "Iko na ladha ya shamba," akasema, na akanishukuru kwa Kinande: "Wasingya." Kisha Chef, kisha yule wa kofi, kisha wengine, kidogokidogo viganjani, wakisukumana sasa kama watoto. Wengine walikunja uso kwa ajili ya chumvi, wengine wakalamba vidole. Nilimimina kwa mkono wangu mwenyewe mpaka kichupa cha mwisho. Nilikuwa natabasamu, maana lazima utabasamu, na ndani nilikuwa nawaka hasira kiasi kwamba masikio yalikuwa yananivuma. Nilitaka kuwapiga. Nilitaka pia kumbeba yule mama nimpeleke kwetu. Gogo likainuliwa, na watu wakatusukumia pikipiki mpaka ikawaka.

Vichupa viwili vya jaribio vilibaki, chekundu na cha manjano, kwa sababu vina asidi. Nilivifunika na kuvishika kifuani mpaka Beni.

Maabara iko kwenye commune ya Ruwenzori, mmoja wa mitaa ya mji wa Beni. Prof wangu alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyokwisha kuwashwa, akiangalia saa. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa hayapendezi.

"Umechelewa. Extrait ya petipwa iko wapi?"

"Walikunywa."

"Nani?"

"Watu ya barrière, ku njia."

Alivua miwani. Nilimwonyesha vichupa vilivyokuwa vitupu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayethibitisha msiba. Kisha nikamtolea vile viwili. Alivipima, akapima tena, akainama karibu na kioo. Tofauti kati yavyo ilikuwa kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuitamani.

"Mais hii ni nzuri sana," akasema polepole. Kisha akatikisa kichwa. "Hatuwezi kuandika. Ni mara moja tu, tena ku njia, mu mavumbi. Na jua? Mulitia wapi mu giza?"

"Watu walisimama."

"Walisimama namna gani?"

Nilijaribu kumwonyesha kwa mikono, namna walivyoinama, namna ilivyokuwa joto humo ndani, na hapo nikajikuta nimekaa sakafuni. Alinisogezea kiti chake. Alizima mashine mwenyewe na akaniletea maji ya kunywa. Niliyaangalia kwenye kikombe. Aliona, akakichukua, akaonja yeye kwanza, akanirudishia.

Mwaka ule ulipotea. Nilimweleza mama yote jikoni, nikitegemea agombe, kwa sababu mbegu zilikuwa zake na shamba bado halikuwa linafikika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama yule mama wa makala alishiba, nikamwambia kilikuwa kifuniko kimoja. Akainuka, akaleta lile debe, na safari hii alichota kwa mkono mzima.

Nilipanda wiki ileile. Nilikagua bati kwa vidole, nikaziba upya dirisha, nikapanga makasha ya miche stoo kama kawaida. Prof alikuwa amenituma nipande ya kutosha mashine, na nilipanda ya kutosha mashine. Kisha pembeni, karibu na mlango, nikaongeza kasha jingine lililojaa, kwa ajili ya watu wa barabarani.